UZI: Timu ya misheni inakwenda Simanjiro kwa Wamaasai, hakuna anayejua Kimaasai. Neno tulifikisheje?

Shemasi_Kinondoni

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Usharika wetu wa Dar unatuma timu ya watu 14 Simanjiro mwezi wa saba, siku sita, vijiji viwili. Wenyeji wetu ni mtaa mdogo wa kanisa unaoongozwa na mwinjilisti Mmaasai wa huko huko. Katika timu hakuna hata mmoja anayejua Kimaasai. Mpango ulioandikwa mpaka sasa ni huu: mkutano wa hadhara kila siku saa 11 jioni kwa Kiswahili na mkalimani mmoja, spika mbili na kinanda, filamu usiku, nyumba kwa nyumba asubuhi, na siku ya mwisho kugawa nguo za mitumba.

Naomba wanaoijua kazi hii watuelekeze kabla bajeti haijafungwa. Semeni ukweli hata kama ni kufuta nusu ya mpango.

Mkalimani_Orkesumet

Amina mtumishi. Umeuliza mapema, hilo lenyewe ni nusu ya kazi. Nianze na ukalimani maana hapo ndipo timu nyingi zinapopotezea safari nzima bila kujua.

Mkalimani mmoja hatoshi. Kwa watu 14 tafuteni wanne: mwanamume mtu mzima kwa ajili ya wazee, mama mmoja kwa ajili ya akina mama, na vijana wawili kwa makundi mengine. Sababu si uchovu tu. Kwa Wamaasai rika ndilo linaloamua nani anaongea na nani na kwa namna gani. Kijana wa miaka 19 aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuwa na Kiswahili kizuri kuliko wote, lakini ukimsimamisha awaelekeze wazee wa rika la baba yake, atapunguza maneno. Ukisema "tubuni", yeye atasema kitu laini zaidi, kwa sababu mdomo wake hauruhusiwi kumwagiza mzee. Mwanamume naye akitakiwa kutafsiri mbele ya mama mkwe wake atajikunyata, maana wakwe wana mipaka yao. Waulizeni wenyeji nani atakaa mbele ya nani kabla hamjapanga zamu.

Uchovu nao upo. Baada ya dakika 30 hivi mkalimani huanza kufupisha. Utamsikia: wewe unasema sentensi nne, yeye anasema moja. Badilisha zamu kila nusu saa.

Sasa sentensi zenyewe. Chukua hii ya kawaida ya mimbarani kwetu:

"Neema ya Mungu iliyofunuliwa msalabani inamtosha kila mwenye dhambi aliyevunjika moyo."

Mkalimani akiipokea hiyo ana mafundo manne mkononi. Neema ni kitu gani kinachoweza kushikwa? Nani alifunua? Kumtosha kama nguo inavyomtosha mtu? Na moyo uliovunjika kwake inaweza kuwa hasira, hofu au ugonjwa. Ataruka mawili, mengine atayabuni. Sema hivi:

"Tulipotea. Mungu alituona. Hakutuacha. Alimtuma Mwana wake. Mwana akafa kwa ajili yetu. Mungu akamfufua."

Kila sentensi ina mtenda mmoja na tendo moja. Maneno yasizidi kumi. Sema wazo zima halafu nyamaza, usikate katikati ("Kwa maana jinsi hii..." kisha unamtazama mkalimani), kwa kuwa Kimaasai mara nyingi huanza na kitenzi, na mkalimani hawezi kuanza kabla hajajua kitenzi chako ni kipi. Hilo watu wengi hawalijui, wanadhani mkalimani anasita kwa kukosa imani.

Maneno ya kuacha Dar: upako, madhabahu ya moyo, kufunguliwa, kuinuliwa viwango, vita vya kiroho, kizazi, ujazo. Hata "kuokoka" lifafanulie kwanza na mkalimani, maana kwa wengi linamaanisha kujiunga na kundi fulani la watu wanaokataa shanga na shuka.

Mkalimani_Orkesumet

Naendelea, kuhusu Biblia.

Biblia nzima ipo kwa Kimaasai, inaitwa Biblia Sinyati. Nunueni nakala angalau tano kabla ya safari. Mistari yote ya mahubiri ichaguliwe wiki mbili kabla na itumwe kwa mkalimani. Siku yenyewe asome Mmaasai kutoka Biblia ya Kimaasai moja kwa moja. Mhubiri asisome kwanza Kiswahili kisha mkalimani atafsiri papo kwa papo wakati tafsiri iliyofanyiwa kazi miaka mingi iko mfukoni. Kwa maandalizi yenu ya Kiswahili, Biblia ya Habari Njema itamsaidia mkalimani kuliko tafsiri ya Union ya 1952. "Ndimi", "naye akanena", "amin, nawaambia" humwongezea kazi ya kutafsiri mara mbili.

Jina la Mungu: Engai (kwenye Biblia utaliona Enkai). Neno hilo hilo ni mvua, ni mbingu. Kisarufi liko upande wa kike. Kuna wahubiri wageni wakishaambiwa hilo huanza kulikwepa na kuingiza "Mungu" la Kiswahili katikati ya Kimaasai. Msifanye hivyo. Wazee wamekuwa wakimwomba Engai kabla ya kanisa kufika, na kanisa la Kimaasai lenyewe linamwita hivyo. Ukileta jina jingine umewaambia kwamba umeleta mungu mgeni. Ila muwe makini na sentensi fupi zisizo na mazingira: "Mungu anakuja kwenu" inaweza kusikika kama taarifa ya mvua, na Simanjiro mwezi wa saba mvua ni jambo linalosubiriwa kwa moyo wote. Mkalimani mzuri ataongeza neno la kutofautisha akipewa nafasi.

Dhambi: eng'oki. Hapa msikimbie. Wazee wengi wanalisikia kama kosa zito lililofanywa na mtu fulani, linaloleta mkosi kwenye boma, kwa watoto na kwa mifugo. Ukisema "wote mna dhambi" wanaanza kujiuliza nani kafanya nini, na nani kalaaniwa. Anzeni na hadithi inayoonyesha kosa, msianze na neno.

MamaWaKwaya

Shemasi, mimi niseme kuhusu saa, maana ratiba yako itakutana na ng'ombe.

Saa 11 jioni mifugo inarudi bomani. Akina mama wanakamua, watoto wanatenga ndama na wana-mbuzi, wanaume wako langoni wanakagua nani karudi na nani hajarudi. Mkiwasha spika saa hiyo mtapata vijana wasio na kazi na watoto. Kisha mtaandika kwenye ripoti kwamba akina mama wa kule ni wagumu kuitika.

Saa zinazofaa:

Wazee: saa 4 hadi saa 6 mchana, chini ya mti wanaokutania, mifugo ikiwa imeshatoka.

Akina mama: saa 8 hadi saa 10 alasiri. Asubuhi wana maji na kuni. Kiangazi kisima kinaweza kuwa mbali, hivyo ulizeni siku za zamu ya maji. Siku hiyo msiwaite kabisa.

Wote kwa pamoja: saa 2 usiku baada ya kukamua, kando ya moto. Hadithi hapo inasikilizwa mpaka mwisho.

Kinanda kiacheni. Uimbaji wa Kimaasai ni wa sauti: olaranyani (kiongozi wa wimbo) anaanzisha, wengine wanaitikia kwa mvumo wa koo chini yake. Ngoma si yao, ala inayosikika kwenye shughuli kubwa ni pembe ya tandala. Ukiweka midundo ya kinanda juu ya mvumo ule unaufunika, na watu wanageuka kuwa watazamaji wa kwaya ya Dar. Mwombeni mwinjilisti amtafute olaranyani aliyeamini, mkae naye kwa muda wa saa mbili siku ya kwanza, mchukue mstari mmoja wa Zaburi kutoka Biblia Sinyati, auweke kwenye wimbo wao. Nyinyi kazi yenu ni kuitikia. Wimbo wa namna hiyo utabaki kisimani mkiwa mmesharudi.

Na maombi pia. Mzee wa Kimaasai akibariki anasema maneno mafupi mafupi, na kila baada ya tamko watu wanaitikia "Naai!" huku viganja vikifunguka. Muundo huo upo tayari. Omba kwa vipande vifupi, mpe mkalimani, waache waitikie. Maombi ya dakika kumi kwa pumzi moja, kila mtu na sauti yake kama tunavyofanya mjini, yanawatia watoto hofu na wazee wanadhani kuna ugomvi.

Longido_Namanga

Salamu, kwa sababu zitakuwa dakika ya kwanza ya kila siku.

Mwanaume: "Supai", naye anajibu "Ipa". Mwanamke: "Takwenya", anajibu "Iko". Msichanganye. Mtoto atakuja mbele yako na kuinamisha kichwa. Weka kiganja utosini pake kidogo, basi. Timu nyingi hazielewi, zinampita mtoto au zinampa mkono wa "tano", na mtoto anabaki ameinama huku mama yake akitazama. Mzee mwanaume msimwamkie kwa kumkumbatia. Akina dada wa timu wasubiri mzee anyooshe mkono kwanza.

Mzee akikutemea mate kidogo kwenye kiganja au kichwani, amekubariki. Usijifute mbele yake.

Baraza la wazee lina utaratibu. Anayeongea husimama na fimbo, wengine wananyamaza mpaka akae. Hakatizwi hata akirudia. Timu iingie ikiwa na msemaji mmoja, mtu mzima, ikiwezekana mwenye ndoa na watoto. Olaigwanani (kiongozi wa kimila) akisema "tumesikia", hiyo siyo ndiyo wala hapana. Maana yake watakwenda kulijadili. Jibu linaweza kuja baada ya siku mbili. Mkiwasukuma waseme papo hapo watasema ndiyo kwa heshima ya mgeni, na jambo litaishia hapo.

Nyama: morani kimila hali mbele ya wanawake walioolewa, na nyama yake wao hawapaswi kuiona. Siku hizi maeneo yanatofautiana, lakini mkipika chakula cha pamoja na kuwapanga wote foleni moja, mnaweza kuona nusu ya vijana wameondoka, na mtadhani wamekataa Injili. Ulizeni wenyeji, pakueni sehemu mbili.

Mwinjilisti77

Wapendwa nashukuru kwa mafundisho, ila naona tunaelekea kuogopa watu kuliko kuitii kazi. Injili ni uweza wa Mungu uuletao wokovu, Warumi 1:16. Kwa nini tusihubiri waziwazi na kuita watu mbele? Timu inakwenda siku sita tu, haitarudi kesho.

Mkalimani_Orkesumet

Mchungaji, tuko pamoja kwenye Warumi 1:16. Sura ya 10 mstari wa 14 inauliza pia wamwaminije yeye wasiyemsikia. Hofu yetu ni hiyo: kwamba hawajasikia, na sisi tumeshaondoka tukiwa na furaha.

Kuita mbele kuna matatizo matatu, na yote yanaonekana kwa macho.

Kwanza, mkono ukiinuliwa ni adabu. Mgeni aliyesafiri mbali ameomba jambo dogo, nani amnyime?

Pili, uamuzi mzito haufanywi na mtu mmoja mbele ya umati. Kijana akitoka mbele kabla wenzake wa rika hawajazungumza, kesho atavutwa arudi. Wakikubaliana watano au kumi pamoja, wanashikana.

Tatu, kuhesabu. Wamaasai, hasa wazee, hawapendi watu wala ng'ombe kuhesabiwa kwa kidole. Inaaminika inaleta balaa. Halafu sisi tunasimama pale mbele, "mmoja, wawili, watatu, haleluya, saba", kwa sauti kwenye spika. Mama aliyebeba mtoto atamfunika na shuka. Ripoti inaweza kuandikwa bila hilo: majina ya wanaotaka kuendelea kujifunza, yaandikwe na mwinjilisti mwenyeji, kimya kimya, nyumbani kwao.

Badala ya kuita mbele, tumieni hadithi inayorudiwa. Utaratibu wake ni huu, na naomba timu ifanye mazoezi Dar wiki tatu kabla:

Chagueni hadithi sita, moja kwa siku. Kila moja isizidi dakika nne ikisemwa kwa Kiswahili. Ivunjeni vituo kumi au kumi na viwili, kila kituo picha moja. Isemeni bila karatasi.

Mkifika, siku moja kabla ya kila hadithi, keti na mkalimani peke yenu. Msimulie yote mara moja bila kukatiza. Yeye aisimulie kwa Kimaasai kwa mkalimani wa pili. Wa pili, ambaye hakuisikia kwa Kiswahili, akurudishie kwa Kiswahili. Hapo utasikia kilichopotea. Kwenye Mwana Mpotevu, kwa mfano, mara nyingi hupotea ile hali ya baba kukimbia. Mkalimani anaiacha kwa makusudi: mzee mwenye heshima hakimbii kumlaki mtoto mkosaji. Lakini hadithi yote imesimama juu ya hilo. Mwambie airudishe, na mtaona usiku ule wazee wakishtuka mahali hapo hapo. Kuomba mgawo wa ng'ombe baba akiwa hai nako hakuhitaji maelezo. Wanajua uzito wake kuliko sisi.

Siku yenyewe mkalimani asimulie mwenyewe moja kwa moja kwa Kimaasai. Ninyi kaeni chini. Najua ni vigumu kwa aliyelipa nauli na kuomba mwezi mzima, lakini hadithi ya dakika nne ikipitia midomo miwili inakuwa dakika tisa na inakatikakatika.

Baada ya hapo waombe wasikilizaji wawili, mama mmoja na kijana mmoja, waisimulie tena. Wengine watawasahihisha, na kelele za masahihisho hayo ni njema sana. Kisha maswali manne tu: Umependa nini? Nini kimekusumbua? Hadithi hii inatuonyesha Mungu yukoje? Utamsimulia nani kabla ya kesho?

Asiyeweza kuirudia bado hajaipokea, hata akiitikia amina kumi. Irudieni kesho yake kabla ya kwenda ya pili.

Dada_Tumaini

Swali: hadithi zipi sita? Na je, ule mfano wa mpanzi, au wa samaki na mikate?

Mkalimani_Orkesumet

Dada, pendekezo langu: Uumbaji, Kaini na Habili (Habili alikuwa mchunga kondoo, watakaa naye karibu mara moja), Ibrahimu na kondoo dume kichakani, kondoo mmoja aliyepotea kati ya mia, Mwana Mpotevu, kisha kufa na kufufuka. Kondoo wana nafasi katika ibada na upatanisho wa Kimaasai, hivyo "Mwanakondoo wa Mungu" kwao lina mizizi. Waulizeni wao kondoo huchinjwa lini na kwa nini, msikilize, ndipo mseme.

Mpanzi hafai kuwa wa kwanza. Wapo wanaolima mahindi sasa, ila kumwaga mbegu njiani kwao ni uzembe wa mpanzi. Samaki kimila hawali. Mkisimulia wale elfu tano semeni tu kwamba kilikuwa chakula cha watu wa ziwani, msikwame hapo.

Tahadhari na Zaburi 23. Mchungaji katika boma mara nyingi ni mtoto. Wavulana wadogo wanachunga ndama na mbuzi karibu, wakubwa wanakwenda mbali na ng'ombe. "Bwana ndiye mchungaji wangu" ikisomwa kavu inaweza kumfanya Bwana awe kijana wa kazi. Unganisheni na mwenye mifugo mwenyewe anayetoka usiku kumtafuta mnyama wake.

Mama_Zahanati

Mpango wa nguo na kama mna dawa.

Nguo zisigawiwe na timu, wala zisigawiwe siku ya mahubiri. Watu watajifunza kwamba kusikiliza kunalipwa, na mwinjilisti wenu atabaki na swali "zingine zinakuja lini?" kwa miaka. Kama lazima ziende, zikabidhiwe uongozi wa mtaa kimya, wao wanajua nani ana uhitaji. Kwa wenyeji wanaowapokea, zawadi ya heshima ni sukari kilo mbili au tatu na majani ya chai kwa kila nyumba inayowahudumia. Inatosha kabisa. Pipi kwa watoto hapana.

Kama kuna kliniki ya siku moja, iwe na mganga mwenye leseni, iratibiwe na zahanati ya kijiji, na mgonjwa apite bila kulazimika kusikiliza mahubiri kwanza. Aliyeleta mtoto mwenye homa hana uhuru wa kukataa kitu chochote, na imani isiyo na uhuru wa kuikataa si ya kujivunia mbele za Mungu.

Picha: ombeni ruhusa kwa mtu mwenyewe, na kwa mzazi kama ni mtoto. Mtoto mgonjwa asipigwe picha.

Suala la ukeketaji litajitokeza, hasa dada zenu wakikaa na akina mama. Sheria ya 1998 inaukataza kwa walio chini ya miaka 18, na mkijua mtoto yuko hatarini toeni taarifa kupitia wenyeji na ustawi wa jamii. Ila si mada ya mgeni kusimama nayo kwenye spika siku ya pili. Akina mama wa kanisa la huko wanaifanyia kazi kwa lugha yao. Muwaulize wanahitaji nini.

Dereva_wa_Misheni

Kwa kifupi upande wa safari.

Maji: lita 5 kwa mtu kwa siku ya kunywa na kupikia. Watu 14 siku 6 ni lita 420, yaani madumu 21 ya lita 20. Bebeni yenu. Kiangazi kunawa na kufua kwa maji ya kijiji ni kunywa maji ya ndama.

Barua ya utambulisho kutoka kanisa mwenyeji (si lenu tu) ifike kwa mtendaji wa kijiji, mwenyekiti na mtendaji wa kata wiki mbili kabla. Kama mnabaki na spika, mwulizeni mtendaji pia taarifa ya polisi inapitia wapi. Kisha siku mnayofika, kabla ya kushusha mizigo, nendeni kwa olaigwanani.

Magari mawili, siyo basi. Msikatishe malishoni kufuata njia ya mkato. Majani yale yametengwa kwa ajili ya ndama.

Dada_Tumaini

Na filamu usiku? Na zile redio ndogo za sola zenye Biblia ya sauti?

Longido_Namanga

Filamu ikiwa imetiwa sauti ya Kimaasai, sawa, usiku mmoja tu, na ikatishwe kila dakika 20 watu wazungumze. Ikiwa ni ya Kiswahili iacheni.

Redio za sola ni nzuri kuliko filamu kwa sababu zinabaki. Moja kwa kundi la watu 10 hadi 15, nusu saa kwa siku, maswali manne yale yale. Mlezi wake awe mama mmoja anayeaminika; kijana ataipeleka malishoni. Sikilizisheni lahaja kwanza: rekodi iliyosomwa na msomaji wa Kenya inaweza kuwa na maneno ambayo Mkisongo au Mparakuyo (makundi ya Wamaasai wa Tanzania) atayasikia kama ya ugenini. Wengi wana simu za kitochi zinazosoma kadi, hivyo chukueni pia kadi 30 zenye faili zile zile. Ni rahisi, na zinasafiri mbali.

Mwinjilisti77

Nimeelewa kuhusu kuita mbele, na nakubali. Nina swali jingine gumu. Mzee mwenye wake watatu akisema anataka ubatizo, tumjibu nini?

Mkalimani_Orkesumet

Mchungaji, timu isimjibu. Mwambieni: "Tumefurahi, mwinjilisti wako atakaa nawe." Kila kanisa lina utaratibu wake, na anayebatiza ndiye atakayeishi naye. Waanglikana walilijadili kwenye Mkutano wa Lambeth wa 1988 wakaruhusu mwenye wake wengi abatizwe pamoja na wake na watoto wake walioamini, akiahidi kutooa tena wakati wake hao wako hai, na jamii ya pale ikikubali. Makanisa mengine hayakubali.

Ila kuna jambo moja ambalo mgeni asilitamke kamwe: "wafukuze wawili." Mke akitoka bomani anapoteza nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, ng'ombe anaowakamua, na pengine watoto. Neno lililosemwa kwa wepesi na mgeni wa siku sita linaweza kumvunjia mtu maisha yote.

Shemasi_Kinondoni

Wapendwa, Mungu awabariki sana. Nimekaa na kamati na tumeandika upya:

Timu tumeipunguza kuwa watu 8. Kinanda na spika havitakwenda, mitumba nayo tumeifuta. Fedha hizo zinalipa wakalimani wanne kwa siku nane (siku mbili za mazoezi kabla), Biblia Sinyati kumi, redio sita na kadi 30. Maji sasa ni lita 240, madumu 12. Wazee saa 4, akina mama saa 8, moto saa 2 usiku. Hadithi sita, kuanzia siku ya pili. Siku ya kwanza yote ni ya salamu, kwa olaigwanani na majirani, hakuna mahubiri. Mwinjilisti mwenyeji atasimamia, sisi tuko chini yake. Na mwezi wa kumi watu wawili watarudi kumtembelea, siyo timu nzima.

Swali la mwisho: yeye mwinjilisti ameomba siku ya sita tufundishe Yohana 10, "Mimi ndimi mlango." Tuitayarishe vipi?

Mkalimani_Orkesumet

Shemasi, amechagua vizuri kabisa, na hapo hamhitaji mfano wa kutunga.

Boma la Kimaasai lina malango zaidi ya moja. Kila mwenye familia ana lake kwenye ua wa miiba, linaitwa enkishomi, na neno hilo hilo linataja familia yake. Ng'ombe wa mtu wanaingia kwa lango lake, si la jirani. Jioni, wa mwisho akishaingia, tawi kubwa la miiba linaburutwa na kuziba uwazi ule, majani ndani, shina nje au kinyume chake kulingana na nyumba. Anayepita mahali pengine ni fisi au mwizi, na mstari wa kwanza wa sura ile unamtaja mwizi huyo huyo.

Kwa hiyo msifundishie chini ya mti. Mwombeni mzee aliyewakaribisha awapeleke kwenye enkishomi yake mifugo ikishatoka asubuhi, mwezi wa saba vumbi la kwato litakuwa bado liko hewani. Mwulizeni yeye kwanza, kupitia mkalimani: lango hili ni la nani? Nani anapita hapa? Usiku nani analifunga? Usiku ambao hakuna tawi, inakuwaje? Mwacheni aongee mpaka amalize, hata kama ni nusu saa. Kisha mkalimani asome mstari wa 9 kutoka Biblia Sinyati akiwa amesimama katikati ya uwazi ule: "Mimi ndimi mlango, mtu akiingia kwa mimi, ataokoka, ataingia na kutoka, naye atapata malisho."

Halafu timu yote nyamazeni. Atakayevunja ukimya awe mtu wa boma lile.